Rangi ya Chumba cha Nyuma

9 Februari

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na bosi wako bado anaogopa kukuudhi. Sisi hatujambo. Mume wangu anakusalimu. Jumatatu hadi Jumamosi yuko juu ya nguzo za umeme, Jumapili yuko juu ya paa letu anapigilia, kwa hiyo nimebaki na mume wa hewani.

Nyumba imekauka. Lipu ilitutesa mwezi mzima, ukigusa ukuta vidole vinatoka na unyevu, lakini sasa ukigonga unaitika. Ndiyo maana nakuandikia. Hapa kila mtu ana maoni kuhusu rangi, hata muuza mkaa. Mimi nataka maoni yako tu.

Sebule ni futi kumi na nne kwa kumi na mbili, madirisha mawili yanatazama jua la jioni. Chumba chetu ni kumi na moja kwa kumi. Chumba cha nyuma ni tisa kwa kumi, dirisha moja dogo, mlango unafungukia ndani, sakafu ya saruji ya kijivu.

Hicho cha nyuma ndicho kinachonisumbua. Nataka kimfae mtu ambaye macho yake si mazuri. Akiamka asubuhi aone mlango uko wapi bila kupapasa ukuta. Je, rangi inaweza kusaidia? Mengine nitakueleza baadaye. Kwanza niambie rangi.

Mwanao,
Rula


2 Machi

Rula mwanangu,

Marahaba, marahaba. Goti halijatulia, limehamia kwa mwenzake. Bosi ameitia simu ya dukani kufuli, anasema wafanyakazi tunaongea kuliko tunavyouza, basi tuendelee na barua. Yako ilichukua siku kumi na tano. Muuza stempu anasema imekuja haraka.

Sasa, huyo mtu ambaye macho yake si mazuri hana jina? Mimi nimekulea, Rula. Nakujua ukinizunguka tangu ulipokuwa unapima meza ya jikoni kwa rula kabla hujajua kuhesabu kupita kumi. Mwambie huyo mtu asiye na jina kwamba macho yake bado yanatunga uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza. Haya, ya tatu. Nilicheka peke yangu dukani hadi mteja akauliza kama mafuta ya taa yamenipanda kichwani.

Sikukuambia, nawe umejua tu: mwisho wa mwaka huu napumzika kazi. Miaka ishirini na sita ya kukoroga rangi za kuta za watu inatosha. Nilikuwa najiuliza nitazeekea wapi, sikutaka kukuuliza. Jana nilimwambia jirani wa kushoto kwamba mwanangu ananiandalia chumba. Nikamwambia na wa kulia. Nikamwambia na mteja aliyekuja kutafuta msasa, akanipa pole akidhani naumwa.

Haya, sikiliza. Mtu mwenye macho dhaifu haoni rangi nzuri, anaona tofauti. Kuta zipake rangi ya maziwa, isiyong'aa, maana mng'ao unamchoma. Mlango uwe bluu iliyokoza, karibu na nyeusi, pande zote mbili pamoja na ule ubavu wake mwembamba, kwa sababu mlango uliofunguka nusu ndio unaopasua watu vipaji vya uso. Fremu nyeupe kabisa. Chini ya ukuta, inchi nane kutoka sakafuni, piga mstari wa hudhurungi, ajue sakafu inaishia wapi. Swichi izungushie bluu ileile. Hapo hata mtu anayeona robo atatembea kama anayeona yote.

Sebule weka manjano iliyofifia, jua la jioni litaifanya kazi yake. Chumba chenu sitii mkono, hayo ni yenu.

Mimi nimeanza kupanga vyombo vyangu kwenye maboksi. Usicheke.

Shangazi yako


28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama. Sebule tumepaka manjano uliyosema, na jioni tukikaa humo hata mume wangu anaonekana mzuri.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kila nikitaka kujibu nainuka naenda kutafuta kazi nyingine. Leo nimejifungia ofisini kati ya ramani, siondoki mpaka nimalize.

Chumba cha nyuma ni cha Mama.

Alikuja mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa mezani nachora mpaka wa kiwanja, akaingia mwanamke ameshika karatasi karibu na pua, akasema ameambiwa kuna mpima ardhi wa kike hapa, akaanza kutaja jina la Baba. Nilijua kabla hajamaliza. Ana presha ya macho. Daktari anasema kilichopotea hakirudi, kazi iliyobaki ni kulinda kilichopo. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu. Anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga na ameshaanguka mara mbili kwenye ngazi.

Najua aliondoka nikiwa na miaka minne. Nimemuuliza. Sababu zake nyingine nimezikubali, nyingine bado. Lakini siwezi kumwacha kwenye ngazi.

Nilipaswa kukuambia tangu siku ile. Niliogopa. Halafu ukaandika habari za maboksi, nikaogopa zaidi. Nyumba yangu ni yako, Shangazi, unajua hivyo. Tutatafuta namna.

Mwanao,
Rula


30 Aprili

Rula,

Marahaba. Barua imefika, nimeielewa. Huku kuna joto. Dukani wameleta ngazi mpya za chuma, za mbao wamezitupa ingawa zilikuwa nzima. Jirani wa kulia amepata mjukuu. Goti ni lilelile.

Nimefurahi kwamba mama yako amepatikana. Mungu ampe nafuu ya macho. Amekukuta umeota meno yote, umesoma, umeolewa, na lipu imekauka. Wengine wana bahati ya kufika meza ikiwa imeandaliwa. Sisemi kwa ubaya. Nauliza tu kama ameshajua kwamba hunywi maziwa yenye utando, na kwamba ukinyamaza siku mbili ni homa inakuja. Labda umeshamwambia. Mimi hakuna aliyeniambia, nilijifunza kwa kukesha.

Maboksi nimeyafungua. Vyombo vimerudi kabatini. Majirani nimewaambia hali ya hewa ya huko haitanifaa.

Chumba chako cha zamani nimempa fundi cherehani mmoja, mjane, mtu mstaarabu. Nimekipaka upya kijani. Ile alama ya penseli mlangoni, ya urefu wako wa kila mwaka, ilikuwa imefifia, nikapitisha brashi.

Kuhusu chumba cha nyuma, nimefikiri upya. Achana na bluu na mistari, vitakifanya kama sanduku. Chumba ni kidogo. Kipake chote rangi ya maziwa, kuta, mlango, fremu, hata huko chini ya ukuta. Kitaonekana kikubwa na atapumua. Tumia rangi ya mafuta inayong'aa, ni rahisi kufuta uchafu.

Msalimie mkwe wangu.

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Ungeniambia kabla hujapitisha brashi. Sikuwa na haki ya kile chumba, nina chumba changu sasa, najua. Lakini nimekaa wiki nzima nikimwonea wivu mwanamke nisiyemjua. Anaweka cherehani wapi? Chini ya dirisha, palipokuwa na kitanda changu? Unamwita ukitoka kazini kama ulivyokuwa unaniita mimi, tangu kona ya duka la viatu? Nilimwambia mume wangu akasema, "Wewe una mama wawili, yeye ana mpangaji mmoja, na bado unalia?" Nikamwambia arudi kwenye nguzo zake.

Chumba cha nyuma kimekwisha, kama ulivyosema mara ya pili. Fundi rangi alibisha. Alisema, "Dada, mtu mwenye macho hayo humu ataingia ukutani akidhani ni mlango." Nikamjibu kwamba shangazi yangu amekoroga rangi miaka ishirini na sita, na kama yeye anajua zaidi akaombe nafasi yake. Akainua mabega akapaka.

Mama alihamia Jumamosi. Alisimama katikati ya chumba akasema kinanukia upya. Aliuliza ni nani aliyechagua rangi. Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Wifi? Kwa ajili yangu?" Akakaa kitandani.

Hutaki kuja kukiona?

Mwanao,
Rula


4 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Labda barua imepotea, labda una kazi nyingi.

Mama ameumia. Wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, alikuwa anatoka chumbani kuja kuota jua. Mlango ulikuwa umefunguka nusu. Hakuuona ubavu wake. Alikwenda kwa mwendo wake wa kawaida kwa sababu alidhani mbele ni wazi. Ameshonwa nyuzi sita juu ya jicho la kulia, na alipoanguka alivunjika kifundo cha mkono. Daktari anasema jicho lenyewe limepona kwa bahati tu.

Halaumu mtu. Anasema atazoea. Sasa anatembea kwa kusugua bega ukutani, na ukuta umeshika alama ya bega lake kuanzia kitandani hadi mlangoni.

Nimekuandikia ujue tu.

Rula


25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zimefika. Ile ya Mei nilikuwa nayo mfukoni mwa koti la kazi siku zote hizi. Sikujibu kwa sababu ya yale maneno, "Wifi? Kwa ajili yangu?" Kila nikishika kalamu nayaona.

Sitakuzungusha. Mara ya kwanza nilikuambia ukweli, kwa kuwa nilidhani chumba ni changu. Mara ya pili nilijua ni chake. Nilijua rangi moja kila mahali itamfanya asione mlango, na rangi ya mafuta itampiga mng'ao. Hakuna mtu katika mji huu anayejua hilo kuliko mimi. Sikutaka aanguke, hilo naapa. Nilitaka apapase. Nilitaka kila asubuhi apotee kidogo ndani ya nyumba yako, achoke, aseme pale si pake, arudi alikotoka. Nilikaa kwenye kaunta, nikaandika barua ile kwa mkono uleule ninaokorogea rangi, nikalamba bahasha, nikaenda kula chakula cha mchana. Na nilikula nikashiba. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Kwa kuwa nimeanza, acha nimalize. Ulipokuwa na miaka tisa alikuja nyumbani. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa safarini kikazi. Nilimkuta mlangoni, amevaa vizuri, ameshika kifurushi. Akasema, "Wifi, nimekuja kumwona mtoto." Wewe ulikuwa uani unapima banda la kuku, nilisikia sauti yako ukihesabu. Nilimwambia umeenda na baba yako, hamrudi mpaka baada ya mwezi. Aliomba maji. Alikunywa amesimama. Nilikuwa naomba usiingie ndani. Alipoondoka aliniachia kile kifurushi nikupe. Vilikuwa viatu, vidogo mno, vya mtoto wa miaka sita. Hakujua umekua kiasi gani. Niliwapa watu wa jirani.

Kaka yangu sikumwambia. Nilikuwa sina mume wala mtoto, nilikuwa na wewe. Niliona akikuona mara moja tu utaondoka naye, na mimi nitabaki na banda la kuku.

Hiyo si sababu ya kunisamehe. Nimeieleza tu ilivyokuwa. Mwonyeshe barua hii, au msomee.

Shangazi yako


29 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa makusudi.

Lile la mlangoni na viatu nilikuwa nalijua. Mama alinisimulia wiki ya kwanza tu alipofika. Alijua unadanganya, kwa sababu naye alisikia mtu anahesabu uani. Akasema aliona jinsi ulivyoshika mlango, akajua mtoto yuko na mtu asiyeweza kumwachia, akaondoka. Nililia, nikakukasirikia, na kabla mwaka haujageuka hasira ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nilikupa nafasi katika kila barua, hukuiona.

Hili la rangi ndilo lililonishinda. Wakati ule nilikuwa mtoto, na wewe ulikuwa unaogopa. Sasa hivi mimi ni mtu mzima nimekuuliza jambo la kazi yako. Mambo mengine ulikuwa unanificha, nilijua, kila mtu anaficha. Lakini ulipokuwa unasema rangi fulani itakauka hivi, ilikauka hivyo. Nilimjibu fundi wa watu maneno makali kwa ajili yako. Nikipita mlango ule naushika ubavu wake kwa mkono, na sijui nitaacha lini.

Barua nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Anajua kupaka mwenyewe, au anakoroga tu?" Nikasema anajua. Akasema, "Basi aje apake."

Sikuambii kwamba yamekwisha. Nakuambia uje.

Rula


8 Oktoba

Mwanangu,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu, goti limevimba, dukani wamenipokea kwa maswali. Jirani wa kushoto ameuliza kama hali ya hewa ya huko ilinifaa. Nikamwambia kidogo.

Mambo mengine nilishindwa kukuambia nikiwa kwako. Kwa siku tano tulikuwa tunasema "pitisha chumvi" na "ngazi iko wapi". Nayaandika hapa.

Siku ya kwanza, nilipokuwa napiga msasa ile rangi ya mafuta, mama yako aliingia akakaa kitandani na mkono wake uliokuwa umevunjika. Nilimwambia vumbi litamdhuru. Akasema vumbi hata yeye analiona. Nilipaka kuta upya, nikapaka fremu, na siku ya tatu nikafika mlangoni. Akauliza, "Bluu hiyo?"

"Bluu iliyokoza," nikamwambia.

"Naiona. Uliijua tangu mwanzo?"

"Niliijua."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka anitukane. Akasema, "Basi usiiharakishe. Na huo ubavu upake mara tatu."

Nikaupaka mara tatu. Asubuhi iliyofuata alisimama kutoka kitandani, akatembea hadi mlangoni na kutoka nje, bega lake halikugusa popote. Ulikuwa kwenye ujia na kikombe chako. Ulikiweka chini, ukamkumbatia, ukacheka kicheko kile ninachokijua tangu una jino moja. Nami nilikuwa pale na ndoo ya brashi. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimechoka na mengine: nilimwonea wivu. Mlango niliupaka mimi, kicheko akakipata yeye. Wivu haukutoka na msasa, Rula. Bado ninao hapa nilipo. Ninachoweza ni kutoupa tena kalamu wala brashi.

Na kuna jambo la siku ya mwisho. Nilikuwa juu ya ngazi namalizia kona ya dari, mama yako amelala kidogo. Uliita kutoka jikoni, "Mama!" Tukaitika wote wawili, yeye kitandani, mimi juu ya ngazi. Mimi sijawahi kuitwa hivyo na wewe. Ulipokuwa mdogo ulijaribu, nami nilikukataza, nikakuambia mimi ni shangazi yako, nisionekane namnyang'anya mtu. Na bado niliitika, kwa sauti kubwa kumshinda yeye. Uso ulinichoma kwa aibu. Nikajifanya nakohoa.

Mama yako akageuza uso upande wa ngazi, akasema, "Nenda wewe, wifi. Mimi mpaka nivae viatu atakuwa ameshasahau alichokuwa anataka."

Nikashuka, nikaja. Ulikuwa umenipa mgongo, umebeba sufuria ya maji ya moto kwa mikono miwili, unataka mtu akufungulie mlango wa uani. Nikaufungua. Ukapita bila kuinua macho, ukamwaga maji, ukasema, "Asante, Mama," ukarudi kwenye jiko lako.

Sijui kama uliona ni nani aliyefungua. Usiniambie.

Shangazi yako